Kwenda na Kurudi

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kujua njia ya kwendea amekwisha jua na njia ya kurudia. Dhana hii ni kweli kwa mtu aliyetoka nyumbani kwake kwenda sokoni, lakini si kweli kwa mambo yote. Mahindi huwa unga, na unga hauwi mahindi tena. Katika kazi za kompyuta yako mambo ya jamii hiyo, nayo humfunza mtu mwenye haraka kwa karo kubwa.

Mwaka 2024 mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu alikuwa akikamilisha tasnifu yake juu ya tenzi zinazohifadhiwa vifuani mwa watu. Kwa muda wa miaka mitatu alikuwa amewaendea wazee makwao, akawasikiliza na kunasa sauti zao. Bibi mmoja katika wazee hao alikuwa amekwisha fariki dunia. Sauti yake, yapata saa sita, ilibaki mahali pamoja tu, napo ni ndani ya kompyuta ya mwanafunzi huyo.

Kompyuta ile iliendeshwa kwa mfumo wa Debian. Mfumo huu uliasisiwa mwaka 1993 na Ian Murdock, naye aliupa jina kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na jina lake mwenyewe. Hutungwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na matoleo yake hupewa majina ya vikaragosi vya filamu ya Toy Story. Toleo la 12, Bookworm, lilitoka mwezi wa Juni 2023. La 13, Trixie, lilitoka mwezi wa Agosti 2025. Kwa hiyo wakati wa habari hii Trixie lilikuwa bado jikoni. Programu hufungwa katika vifurushi, na kila kifurushi hutaja vingine kinavyovitegemea. Toleo, basi, ni mapatano: vifurushi vyake vyote vimeundwa pamoja na kujaribiwa pamoja, na kila kimoja hutumaini kumkuta mwenziwe katika hali anayoijua.

Mwanafunzi alitaka jambo dogo, yaani programu ya kuandikia iliyo mpya kuliko ile aliyokuwa nayo. Akafungua orodha ya maghala ambamo kompyuta huchukua vifurushi, akaongeza mstari mmoja wa Trixie, na ule wa Bookworm akauacha mahali pake. Kompyuta ikamwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoongezwa, vitakavyobadilishwa na vitakavyoondolewa, kisha ikamuuliza kama iendelee. Hakuisoma. Alibonyeza, akaenda kuteka chai.

Programu ya kuandikia ilikuja, lakini haikuja peke yake. Ilidai maktaba ya lugha ya C iliyo mpya, na maktaba hiyo ndiyo msingi ambao karibu programu zote za mfumo husimama juu yake. Katika Bookworm ni ya namba 2.36, iliyokuja ilikuwa mbele zaidi. Fauka ya hayo, mwaka ule ulikuwa wa mageuzi makubwa. Mashine za biti 32 huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu yao itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ili kuuepuka msiba huo, watungaji wa Debian walibadili majina ya vifurushi vingi vya maktaba, wakavitia mkia wa herufi na tarakimu, t64. Mwenye jina jipya hakai nyumba moja na mwenye jina la kale. Mmoja akiingia, mwingine hutoka. Basi nusu ya kompyuta ikawa ya Bookworm na nusu ya Trixie. Asubuhi yake pazia la picha halikufunguka tena. Palibaki kioo cheusi na maandishi meupe.

Mwanafunzi akaamua kurudi. Alisoma kwamba kila ghala laweza kupewa namba ya heshima: kwa kawaida ni 500, na likipewa 1000 au zaidi, kompyuta hukubali kushusha kifurushi kutoka upya hadi ukale. Akaandika 1001 mbele ya Bookworm, akatoa amri. Baadhi ya vifurushi vilishuka, vingine viligoma, na vingine vilishuka nusu ya ngazi vikakwama. Alikesha usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.

Sababu haikuwa uchache wa akili zake. Debian haitoi ahadi yoyote juu ya safari ya kurudi. Baadhi ya vifurushi huja na maagizo ya kuhamisha mipangilio ya kale kwenda katika umbo jipya; maagizo ya kuirudisha hayakuandikwa, maana hakuna aliyeahidi kuyaandika. Na programu mpya ikiisha kuandika upya hazina yake ya data, ile ya kale huweza isiielewe. Firefox, mathalan, tangu toleo la 67 la mwaka 2019, ikitambua kwamba makabrasha ya mtumiaji yalikwisha kutumiwa na toleo jipya kuliko lenyewe, hukataa kuyafungua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usiku wa tatu hasira zilimshika. Alitia kifaa cha kusimika mfumo upya, akafika mahali pa kuchagua kufuta diski nzima. Fundi wa maabara, mtu mzima wa makamo, alikuwa akifunga madirisha.

"Binti yangu," alisema, "sauti za wale wazee umeziweka wapi?"

"Zimo humu humu, mzee."

"Zote?"

Msichana hakujibu. Aliutazama mkono wake juu ya kibao cha herufi, akauondoa polepole kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

Fundi hakumlaumu. Aliiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa katika kijiti cha kumbukumbu, pasipo kuigusa diski. Wakanakili tasnifu na sauti zote katika diski mbili za nje. Kisha akamwambia asikilize. Bibi marehemu akakohoa, akaomba maji, akaanza kughani. Binti alilia, na fundi akaendelea na madirisha yake.

Kesho yake walisimika Bookworm upya, nayo kazi hiyo haikumaliza saa moja. Programu ya kuandikia aliyoitamani aliipata katika ghala ambalo Debian yenyewe imeliweka kwa haja kama hiyo, lenye programu mpya zilizoundwa upya ili zikubaliane na toleo la zamani. Ghala hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Kwa siku tatu binti yule alipigania kitu kisichohitaji kupiganiwa. Mfumo wa kompyuta, hata ukivunjika vipande elfu, umehifadhiwa katika maghala ya dunia nzima, na mtu yeyote aweza kuupata bure tena na tena. Sauti ya bibi haikuwa na ghala. Alitaka kurudi alikotoka ili asionekane amekosea, na haya hiyo ya kuanza upya karibu impotezee kitu pekee ambacho hakikuwa na pa kuanzia tena.

Tasnifu ilikabidhiwa kwa wakati wake. Diski moja iko kwake, ya pili iko kwa wajukuu wa bibi, ambao ndio wenye mali.