Niliuziba Pumzi Ukuta wa Kanisa

Kanisa la kijiji chetu nililiharibu mimi. Mbele ya waumini nimewahi kulaumu mvua, chumvi ya bahari na uzee wa jengo, na kila nilipolaumu nilijua kuwa sisemi kweli.

Ni kanisa dogo la pwani, la mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa ufukweni na boriti za mikoko. Wamisionari wa Kianglikana walioanza kujenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa, ndio walioleta imani yao hadi huku kwetu. Wazee husimulia kwamba miongoni mwa waliobeba mawe ya kuta zetu walikuwamo watu waliotolewa utumwani. Ndiyo maana jengo hili halijawahi kuwa la Wakristo peke yao. Karibu kila ukoo hapa una mtu wake ndani ya kuta zile.

Lipu ilipoanza kubambuka upande wa kusi, nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ukarabati. Michango haikuwa na dini. Akina mama waliuza vitumbua, wavuvi walitenga sehemu ya samaki wao, na mnada wa mavuno mwaka ule ulijaa hata kuku wa watu wasiokanyaga kanisani. Majirani zetu Waislamu walisomba mchanga. Mmoja wao alikuwa fundi mzee wa chokaa, aliyetengeneza misikiti na nyumba za mawe tangu ujana wake, na ambaye babu yake aliwahi kulipaka kanisa hilohilo. Alisimama kikaoni akasema, “Mwalimu, ukuta huu hunywa maji ukayatoa. Ukiuvika saruji utakunywa tu, hautatoa.”

Nikamjibu kwamba tunamshukuru kwa moyo wake, lakini mambo ya kanisa yana wenyewe.

Hakuna aliyenikemea. Mzee aliketi. Baada ya kikao nikamwagiza katibu asiyaandike maneno yale katika muhtasari, na hayakuandikwa.

Nilikuwa na haraka. Askofu alitarajiwa kuja kutoa kipaimara, nami nilitaka akute kuta nyeupe, zilizonyooka. Chokaa hulowekwa muda mrefu kabla ya kupakwa, na ikishapakwa hunyunyiziwa maji ili isikauke upesi ikapasuka. Hugeuka jiwe tena polepole, kwa kuvuta kaboni dioksidi iliyomo hewani. Saruji haikudai subira hiyo. Tena nilikuwa mwalimu wa historia. Niliwafundisha watoto habari za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11 kwa matumbawe na chokaa. Mtu aliyerithi elimu ileile aliposimama mbele yangu, niliona kanzu na kofia yake tu.

Askofu alikuja, akatusifu. Masika mawili hayakupita kabla ukuta haujaanza kutokwa na madoa. Tumbawe lina vitundu. Maji hupanda kutoka ardhini, mengine huingia na mvua, na chokaa huyapa njia ya kutokea jua linapowaka. Saruji yetu ilikuwa imeifunga njia ile. Unyevu ukabaki ndani, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zikaanza kuoza.

Dhambi yangu kubwa ilikuja hapo. Niliwaambia waumini kwamba msingi ni mbovu tangu zamani, nikaitisha mchango wa pili. Watu walewale wakatoa tena. Fedha zile nikanunulia rangi ya plastiki, nikaupaka ukuta na kuziba hata upenyo uliokuwa umesalia. Wajane wawili wa karibu na kwangu walichanga siku ile, nami nikaandika majina yao daftarini kwa mkono wangu.

Desemba 2020 sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilianguka Unguja, jumba hilo likiwa katika ukarabati, na watu wakafa. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa nikihesabu watoto wa kwaya wanaokaa chini ya boriti zetu. Nikamweleza padri yote, kisha nikasimama mbele ya ibada nikayasema, pamoja na habari ya mchango wa pili.

Kwa yule mzee nilikwenda peke yangu. Nilimpa shikamoo, nikaomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atatusaidia kwa sharti moja: maneno yake yaandikwe kwenye muhtasari, kwa tarehe ya kikao kile. Yameandikwa, na chini yake nimetia saini kwamba ni mimi niliyeyaficha.

Kubandua saruji kumetugharimu kuliko nilivyoogopa. Imeshika mawe kwa nguvu na inapotoka huondoka na uso wa tumbawe. Kando ya mlango palikuwa na misalaba midogo iliyochorwa na wajenzi wa kwanza katika chokaa mbichi. Imekwenda pamoja na saruji. Sitaweza kuirudisha, na sina picha yake.

Vijana sasa wanaloweka chokaa katika shimo nyuma ya kanisa, chokaa ya mawe ya kuchimbwa, kwa sababu matumbawe na mikoko hatuwezi kuendelea kuvivuna kama zamani. Wa kwaya na wa madrasa wanafundishwa pamoja. Mchango wa pili naurudisha kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni yangu, na padri analishika daftari. Ukuta wa kaskazini umekamilika. Wa kusi, ulioumia zaidi, utasubiri masika yapite, na siku ya kuuanza ataitaja mzee.