Saki Iliyokosa Mgongo



«Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.» Methali hiyo niliifundisha watoto darasani miaka mingi. Maana yake ni kwamba mzigo ulio mgongoni mwa mwingine huonekana mwepesi kama pamba. Lakini siku niliyoielewa kweli sikuwa darasani. Ilikuwa mwaka 2016, njiani kwenda kileleni mwa Nyiragongo, na mzigo ulikuwa juu ya mabega yangu mwenyewe.

Wakaaji wa Goma wanaujua mlima huo. Urefu wake ni metre 3,470. Ulipasuka mwaka 1977, tena mwaka 2002, moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mwaka ule wa 2016 ziwa la moto lilikuwa likichemka ndani ya shimo lake, na watu walipanda kulitazama usiku. Vijana wa mtaa wetu waliniomba niwasindikize, kwa kuwa niliwafundisha walipokuwa wadogo. Nikakubali kwa furaha.

Shemeji yangu aliyetoka Ubelgiji alikuwa ameniachia saki ya safari. Ilikuwa nzuri, ya kitambaa chembamba, nyepesi sana. Ilikuwa na mikanda miwili ya mabega na mmoja wa kiunoni. Neno moja tu ilikosa: saki nyingi za safari zina vyuma vyembamba au ubao wa plastiki upande wa mgongo, lakini hii ilikuwa mfuko mtupu. Nikajisemea: Vema, uzito umepungua!

Pale Kibati, njia inapoanza, wapagazi walikuwa wakingoja kazi. Mzee mmoja akanikaribia, akasema:

– Jambo, Mwalimu. Nikubebee?

– Hapana, Baba. Bado nina nguvu.

Ukweli, wasomaji, haukuwa nguvu. Ulikuwa ubahili. Sikutaka kutoa franka zangu. Yule mzee akapata mzigo wa mgeni mwingine, akatangulia.

Ndani ya saki niliweka blanketi, koti, sufuria, chakula na maji lita tatu. Matela yangu ya safari, ile nyembamba ya povu gumu, yenye unene wa sentimetre moja tu, niliikunja nikaifunga nje, chini ya saki. Ikaning'inia kama mkia.

Msituni nilikwenda vizuri. Kiisha tukafika penye mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, yanayogeuka chini ya mguu. Hapo mateso yakaanza. Saki ikalegea, ikajikunja katikati kama mtu mwenye njaa. Vitu vyote vikashuka chini. Mkanda wa kiunoni haukushika kitu tena; uzito wote ukaning'inia mabegani na kunivuta nyuma. Sufuria ikanichoma mgongoni kila hatua. Mmoja wa vijana wangu akanionea huruma, akachukua maji yangu bila kusema neno. Mimi niliyekuja kuwasindikiza, sasa nilikuwa mzigo wao. Aibu ilinishika.

Kwenye mapumziko ya tatu nilimkuta yule mzee ameketi juu ya jiwe. Hakunicheka. Alinitazama, kisha akasema:

– Mwalimu, saki yako imekosa mgongo. Lakini mgongo unao. Umeufunga nje.

Akaniomba ruhusa, akamwaga vitu vyote juu ya turubai. Akafungua matela, akaikunja kama bomba, akaisimamisha ndani ya saki iliyo tupu. Halafu akailegeza, ikajifungua yenyewe mpaka ikagusa saki pande zote. Ikawa kama pipa. Ndani ya pipa lile akapanga vitu: blanketi chini kabisa, maji na sufuria katikati, karibu na mgongo, vikiwa vimeviringishwa koti, vitu vyepesi mbele na juu. Akavishindilia pasiwe na nafasi tupu, akakaza kamba zote. Saki ikasimama chini peke yake kama mtungi.

Nikamwuliza: «Baba, nani alikufundisha?» Akajibu: «Mabega yangu.»

Nilipoivaa tena, nilikaza kwanza mkanda wa kiunoni, halafu ile ya mabega. Uzito ulikuwa uleule, hata maji yangu nilikuwa nimeyarudisha. Lakini sasa ulikaa kiunoni, na mabega yakapumzika.

Kwa nini ikawa hivyo? Chukueni karatasi moja, mjaribu kuisimamisha wima. Itaanguka. Sasa ikunjeni kama bomba, mlifunge kwa uzi, mweke kitabu juu yake. Karatasi ileile inabeba kitabu. Ndivyo ilivyo matela. Ikikunjwa bomba inapata nguvu, na vitu vilivyoshindiliwa ndani vinaisukuma kwa nje, isipate kujikunja. Basi saki haifupiki tena kati ya bega na kiuno, na mkanda wa kiunoni unaweza kubeba sehemu yake.

Lakini msidanganyike. Saki iliyojaa nusu haitasimama, bomba litajikunja. Tena uzito ukipita kilo kumi hivi, bora saki yenye vyuma. Mtu mwenye vitu vichache aweza pia kukunja matela mara nne, bapa, na kuiweka upande wa mgongo tu. Inazuia sufuria isichome, lakini haina nguvu kama bomba. Tena sponji laini ya godoro la nyumbani haifai: inabonyea, tena inakunywa maji. Inatakiwa lile povu gumu ambalo vijumba vyake vya hewa vimefungwa.

Baadaye nilisoma kwamba wasafiri wa Marekani wanaitumia sana njia hiyo. Huko mtu mmoja, Ray Jardine, aliandika kitabu mwaka 1992 juu ya njia ndefu itokayo mpaka wa Mexico hata Canada, zaidi ya kilometre 4,000. Yeye na mkewe walijishonea saki nyepesi zisizo na vyuma, na watu wengi wakafuata mfano wao. Nikafurahi kusoma hayo. Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpagazi wa Kibati.

Usiku ule kileleni baridi ilikuwa kali. Tulitazama moto mpaka macho yakachoka. Kisha nikatoa mgongo wa saki yangu, nikautandika, nikalala juu yake. Ulikuwa mkavu, maana ulikaa ndani wakati mvua ilipotunyeshea.

Asubuhi, tulipokwisha kushuka, nilimpa yule mzee franka kadhaa. Akazikataa.

– Sikukubebea kitu, Mwalimu. Siku utakayorudi, unipe kazi. Nyumbani kuna watoto sita.

Nikaahidi. Sikurudi. Mwaka ule uliofuata nilikuwa na shughuli, na uliofuata tena vilevile. Halafu, tarehe 22 ya mwezi wa tano mwaka 2021, mlima ukapasuka, moto ukafunika vijiji kaskazini ya Goma. Niliuliza habari za yule mzee kwa watu waliokimbia. Hakuna aliyenijibu kwa hakika, maana hata jina lake sikuwa nimeliuliza.

Saki ninayo mpaka leo, na vijana wa mtaa wote wanajua kuipanga. Nikiwafundisha wanasema: «Mwalimu ana akili.» Nami huwaambia akili ile ilitoka kwa nani, na kwamba nilimnyima kazi asubuhi, naye jioni akaninyosha mgongo.

Basi, ndugu, mkisafiri, wekeni matela ndani. Na mpagazi akiwaomba kazi, mkiwa na uwezo, mpeni. Mwulizeni na jina lake.