Mchaichai wa Jioni Kagunga

Anayekwenda Kagunga hupanda boti Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, kisha hushika njia ya kaskazini, milima ikiwa mkono wa kulia muda wote. Boti huipita Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwemtu mwaka 1960, ikaipita Mwamgongo, ndipo kijiji kinapojitokeza: nyumba zimebanana kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, Burundi iko pua na mdomo.

Chakula cha huku kinashibisha kwelikweli. Ni ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka iliyoungwa na mawese mpaka mchuzi unang'aa. Kwa hiyo jioni, vyombo vikishaondolewa, sufuria ya mchaichai hupanda mekoni. Mama aliyenikaribisha alikata majani machache pembeni mwa ua, akayaosha, akayakunja na kuyapiga fundo, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na tangawizi iliyopondwa. Majani ya chai hakutia. Alifunika, akangoja mpaka maji yakawa na rangi ya manjano hafifu.

“Kunywa taratibu, mwanangu, tumbo litulie.”

Harufu ile ya ndimu hutokana na sitrali, iliyomo kwenye mafuta ya jani lenyewe. Na kwa kuwa mchaichai hauna kafeini, haumnyimi mtu usingizi. Mafundo ya tumbo yalilegea, mabega yakashuka, mazungumzo yakanoga. Nje, wavuvi walikuwa wakiingiza mitumbwi majini na taa zao, maana usiku wa giza ndio wa dagaa.

Sitauita mchaichai dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipofurika kwenye ufukwe huu mwembamba na kipindupindu kikazuka, palihitajika maji safi, vyoo, matibabu ya haraka, na meli kongwe ya Liemba kuwavusha watu hadi Kigoma. Kijiji kilichowahi kubeba mzigo mkubwa hivyo bado humkaribisha mgeni kwa moyo mmoja.

Kikombe cha mchaichai kinakupa nafasi ya kuuona ukarimu huo. Kinanyweka kikiwa moto, hakiharakishwi, na aliyekimimina anakaa nawe mpaka umalize. Ukienda Kagunga, usipange kurudi siku hiyohiyo. Lala, ule, kisha ukiulizwa kama utakunywa mchaichai, itikia.