Keki ya Malkia na Daftari la Michango

Wasomaji wenzangu, leo tuongee keki. Msicheke kwanza.

Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza alifunga ndoa na Prince Albert mjini London. Keki yao ilikuwa na uzito wa karibu ratili 300, yaani kama kilo 136 hivi, na mzunguko wake ulikaribia mita tatu. Juu yake alisimama Britannia, yule mama ambaye Waingereza wamemfanya alama ya nchi yao, akiwabariki maharusi waliovishwa nguo za Warumi wa kale. Miguuni pa bwana harusi palikuwa na mbwa, ishara ya uaminifu; miguuni pa bibi harusi, njiwa wawili. Na kitoto kimoja chenye mabawa kilikuwa kimefungua kitabu mapajani, kinaandika tarehe ya harusi. Hicho ndicho kilichoniteka. Karani juu ya keki!

Miaka 18 baadaye, Januari 1858, binti yao mkubwa aliolewa na mwana wa ndugu yake mfalme wa Prussia. Safari hii keki ilipanda futi sita na ushee, urefu wa mtu mzima. Kumbe keki yenyewe ilikuwa ghorofa ya chini tu! Zilizobaki zilikuwa sukari tupu, za kutazamwa. Keki ya matunda ni laini na nzito, ukiibebesha nyingine inadidimia. Ilibidi kungoja harusi ya Prince Leopold, mwaka 1882, ndipo ghorofa zote zikawa za kuliwa.

Habari hizi nilizisimulia kwenye kikao cha harusi ya dada yangu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, maana nyumbani wakishajua unaandika-andika, kila daftari unakabidhiwa wewe. Fedha hazikutosha. Mjumbe mmoja alikuwa ametoa hoja tuwe na keki ya ghorofa tano: moja ya kweli, nne za maboksi yaliyopakwa sukari. Aliposikia ya 1858 akapiga makofi. "Mnaona? Hata kwa malkia!"

Mama akauliza taratibu, "Sawa baba. Na aliyechanga elfu mbili yake, mtamkatia boksi?"

Kikao kizima kimya. Tukaagiza keki moja pana, fupi, na kila aliyechanga akaonja.

Lakini swali la mama halikuniacha. Na sukari ya malkia je, nani aliichangia? Mashamba ya miwa ya makoloni ya Uingereza yalilimwa na watumwa mpaka sheria ya kuukomesha utumwa ilipoanza kazi mwaka 1834. Hata hapo, wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale miaka kadhaa zaidi, eti wanafunzwa uhuru. Huko Mauritius, kisiwa cha miwa, hali hiyo iliisha 1839, mwaka mmoja kabla ya harusi. Na baadhi ya watu wa kisiwa kile walikuwa wametoka kwetu. Mwaka 1776, Mauritius ikiwa bado ya Wafaransa, Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Daftari langu lina jina la kila aliyetoa, hadi bibi wa jirani aliyeleta kuku mmoja. Wale wa mashambani hawakuulizwa kama wanataka kuchanga. Walichangishwa kwa mjeledi, na kipande hawakukiona. Yule karani wa juu ya keki aliandika tarehe tu, basi.

Vijana tunaotaka kuandika riwaya tunapenda sana ghorofa za juu: ikulu, mapenzi ya matajiri, magari ya kifahari. Si vibaya, vinapendeza macho. Ila mimi nimeanza riwaya yangu kwenye shamba la miwa Mauritius, kwa msichana aliyetolewa Kilwa. Malkia atapita sura moja, na keki yake. Mwenzangu mmoja ameniambia haitauzika, watu wanataka mapenzi. Huenda. Nimeshafika ukurasa wa 40 na siachi.

Nanyi wenzangu, daftari la kwenu linasomaje? Nani alichanga, akasahauliwa?