Radhi ya Mgonjwa

Lipo fungu dogo la maneno lililotujia kutoka Kiarabu, likaota mizizi hata tukasahau kwamba liliwahi kuwa mgeni: radhi, ridhaa, kuridhia, kuridhisha, kuridhika. Mwana huomba radhi ya wazazi kabla ya kuoa. Aliyekukanyaga sokoni husema, "Niwie radhi." Mgonjwa anayepelekwa kupasuliwa huwekewa mbele karatasi iitwayo fomu ya ridhaa, aitie sahihi au dole gumba. Na siku ya kutoka, katika hospitali nyingi siku hizi, huulizwa kwa neno la ukoo uleule: je, umeridhika na huduma ya wauguzi?

Kwa hiyo mgonjwa huingia kwa ridhaa na kutoka kwa kuridhika. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na mwalimu hata akistaafu haachi kusahihisha. Naomba basi, ndugu wasomaji, nilitazame neno hili la mwisho, kwa sababu nadhani tunaliuliza vibaya, na jibu tunalopewa si jibu la swali tulilokusudia.

Tuanze na sarufi ya wodini. Mgonjwa hulazwa. Hupimwa, huchomwa sindano, hutundikiwa dripu, hupasuliwa, hufungwa kidonda, na akipata nafuu huruhusiwa. Vitenzi vyote hivi vimo katika kauli ya kutendwa. Hata hilo neno "kuruhusiwa", ambalo ndilo watu wetu hulitumia kwa kutoka hospitali, humfanya mtu mzima afanane na mwanafunzi wa bweni aliyepewa ruhusa ya kwenda likizo. Katika mlolongo huo wote, kuridhika ndicho kitenzi cha kwanza kilicho mali ya mgonjwa mwenyewe. Unaweza kulazwa na mtu, ukapasuliwa na mtu, ukaruhusiwa na mtu. Lakini hakuna mtu awezaye kuridhika kwa niaba yako. Ajabu yake ni kwamba kitenzi hicho humfikia akiwa amekwisha kuzoea kutendwa, naye hukijibu kwa mazoea hayohayo.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, mito ya Mbaka na Kiwira ikiwa imejaa na mashamba ya mpunga ya Kyela yakiwa maji matupu, nilifanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali moja iliyo mbali na wilaya yetu. Sitaitaja jina, kwa kuwa niliyoyaona humo yangeweza kuonekana katika wodi nyingine yoyote. Kidonda kilichelewa kukauka, nikalala huko siku 9.

Kitanda cha kushoto kwangu alikuwapo mzee mmoja mvuvi kutoka upande wa Matema, aliyepasuliwa tezi dume. Tulikuwa Wanyakyusa wawili tu katika wodi ile, kwa hiyo tulipeana salamu za nyumbani kila asubuhi na kuzungumza habari za ziwa. Alikuwa mtu wa adabu za kale. Hata muuguzi aliyemzidi mjukuu wake kwa miaka michache tu alimwita "mama", na kila alipotolewa joho la dawa mkononi alishukuru kwa mikono miwili.

Usiku wa tatu baada ya kupasuliwa, mzee hakulala. Nilimsikia akigeuka na kuguna, nikamwita muuguzi wa zamu. Alikuja upesi, ingawa alikuwa peke yake kwa wodi nzima. Akamwinamia, akauliza kwa upole, "Babu, vipi, hujambo?" Mzee akajibu, "Sijambo, mama." Muuguzi akamfunika shuka vizuri, akamwambia pole, akaenda kwa mgonjwa aliyekuwa akitapika upande wa pili. Asubuhi madaktari walipopita raundi mambo yakawa yaleyale. "Umeamkaje, babu?" "Salama." "Unaendelea vizuri?" "Namshukuru Mungu." Ikaandikwa katika faili kwamba anaendelea vizuri.

Baada ya raundi alibaki nyuma binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, ambaye nadhani alikuwa bado hajazoea kazi. Akavuta kiti, akaketi, akauliza, "Shikamoo babu. Jana usiku ulilala saa ngapi?"

Mzee akafikiri. "Sikulala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu walipozima taa."

"Nini kilikuzuia?"

"Tumbo la chini. Limekaza kama ngoma."

Binti akautazama mfuko wa mkojo uliokuwa umening'inia kando ya kitanda. Ulikuwa mtupu. Mpira ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda, na mkojo wa usiku kucha ulikuwa umebaki ndani ya mwili wa mzee yule. Aliwaita wakubwa wake, mpira ukazibuliwa, na baada ya muda mfupi mzee akashikwa na usingizi hadi alasiri.

Nimeyafikiria sana maneno yale machache. Muuguzi wa usiku hakuwa mkatili; aliitika, aliinama, aliuliza. Mzee naye hakuwa mwongo. Shida ilikuwa ndani ya swali. Tuchunguze neno lenyewe. "Hujambo" ni ukanushi: huna jambo. Anayeuliza amekwisha kulitia jibu ndani ya swali, na adabu inamtaka anayeulizwa akubaliane naye: sina jambo. Kwa Kiswahili hata mtu aliye mahututi husema hajambo kidogo. Ukimpa pole, hujibu kwamba amekwisha kupoa. Kinyakyusa nacho hakitofautiani sana. Salamu yetu ya asubuhi, "ugonile", asili yake ni swali la usingizi: umelala? Lakini nani aliyewahi kuijibu kwa kutaja saa? Tunasema "ndaga", neno linalobeba shukrani, salamu na pole kwa pamoja, kisha tunaendelea na safari. Salamu hufungua mlango wa mazungumzo. Wodini, aghalabu, inageuka kuwa mazungumzo yenyewe, na mlango unafungwa palepale ulipofunguliwa.

Jambo hili si la Waswahili wala Wanyakyusa peke yao. Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, na ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, aliliona katika karne ya 19. Katika kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, alichokiandika baada ya kurejea kutoka vita vya Krimea, aliwalaumu wanaouliza kama mgonjwa amekuwa na usiku mwema. Aliona kwamba swali la namna hiyo humwongoza mtu kwenye jibu, tena kila mgonjwa ana kipimo chake cha usiku mwema. Akashauri iulizwe idadi ya saa za usingizi, na zilikuwa saa zipi za usiku. Sidhani kama yule binti mwanafunzi alikuwa amekisoma kitabu hicho. Lakini aliuliza kama mwandishi wake alivyotaka.

Sasa turudi kwenye kuridhika. Siku mimi na yule mzee tuliporuhusiwa, alipita karani na karatasi za maoni. Maswali yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa na viboksi: sijaridhika, nimeridhika kiasi, nimeridhika, nimeridhika sana. Mzee aliniomba nimsomee, kwa kuwa miwani yake ilibaki nyumbani. Katika kila swali alisema, "Weka sana." Tulipofika kwenye swali la huduma ya wauguzi usiku, nilimkumbusha ule usiku wa tatu. Akanitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto mwenye maswali mengi.

"Mwalimu," akasema, "nimeingia hapa nikiwa nimekufa nusu, natoka kwa miguu yangu. Nani amenisafisha? Si hawa? Kisha mimi bado nitarudi kuonyesha kidonda. Ukiwa ndani ya mtumbwi wa mtu, humwambii kwamba unavuja. Weka sana."

Nikaweka alama alipotaka, kwa kuwa maoni yalikuwa yake. Katika maneno yale zimo sababu mbili, na zote mbili zina uzito. Ya kwanza ni shukrani. Mgonjwa aliulizwa kama ameridhika, naye akajibu kwamba anashukuru. Na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu aweza kushukuru kwa dhati kwa kunusurika na bado akawa na neno moyoni kuhusu usiku wa tatu. Ya pili ni hofu, au tuseme hadhari. Anayetegemea mkono wa mwingine haupimi mkono huo hadharani. Kwetu, mtu wa Ikombe au wa kijiji kingine kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Livingstone hana hospitali kumi za kuchagua. Anayo iliyo karibu, na ikishindwa hupelekwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela mjini. Mtu wa namna hiyo akiandika "nimeridhika sana", alama yake haitofautishi huduma njema na huduma pekee.

Ni haki pia kusema neno kwa ajili ya wauguzi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ulimwengu una wauguzi wapatao milioni 28 na kwamba unapungukiwa na karibu milioni 6, na sehemu kubwa ya upungufu huo imo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Upungufu huo nimeuona kwa macho: mtu mmoja, wodi nzima, usiku kucha. Kwa muuguzi aliye peke yake, "hujambo" ni swali la haraka lenye jibu la haraka, na jibu hilo humpa ruhusa ya kwenda kwa anayetapika. Atakayemlaumu bila kumwongezea mwenzake wa zamu atakuwa amelaumu nusu ya jambo.

Tena, neno lenyewe "muuguzi" lina historia ya nyumbani. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumtunza anayeugua. Kabla ya sare na vyeti, aliyeuguza alikuwa dada, shangazi, mke, jirani. Hata leo hospitalini mwetu sehemu nzuri ya uuguzi hufanywa na huyo tunayemwita "mwenye mgonjwa": ndiye aletaye uji, afuaye shuka, akimbiliaye duka la dawa, amgeuzaye mgonjwa upande. Wanyakyusa tuna neno "ukwangala", raha ya kukaa pamoja na watu wema. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwetu na mumewe katika miaka ya 1930, aliliona kuwa nguzo ya maisha yetu, na kitabu chake cha mwaka 1951 alikiita Good Company. Mgonjwa aliye na watu wake kitandani huwa na anayemsemea. Mzee yule hakuwa na mtu. Wanawe walizuiwa na mafuriko. Kwake, ukwangala wote ulikuwa dakika tano za binti aliyevuta kiti.

Basi tuulizeje? Huko Marekani hospitali huwauliza wagonjwa waliokwisha kurudi nyumbani, na tangu mwaka 2008 matokeo ya kila hospitali hutangazwa hadharani. Kilichonivutia ni umbo la maswali yao. Kuhusu wauguzi, huuliza ni mara ngapi walimtendea mgonjwa kwa heshima, ni mara ngapi walimsikiliza kwa makini, ni mara ngapi walimweleza mambo kwa namna aliyoielewa. Wanauliza juu ya matendo na idadi yake. Nasi lugha yetu haina uhaba wa maswali ya aina hiyo. Ulipoita usiku, alikuja mtu? Ulingoja kwa muda gani? Uliambiwa dawa ile ni ya nini kabla ya kuinywa? Walikuita kwa jina gani: lako, au namba ya kitanda? Ulipofungwa kidonda, palikuwa na pazia? Maswali haya yaulizwe na mtu asiye wa wodi ile, mgonjwa akiwa nyumbani kwake, ikiwezekana kwa lugha aliyonyonya kwa mama. Hapo shukrani itabaki kuwa shukrani, na ukweli utapata mahali pake.

Nimeona pia kwamba ukoo wa maneno niliyoanza nao una hekima. Ridhaa hutangulia, kuridhika hufuata. Aliyeelezwa akaelewa, akaulizwa akasikilizwa, ameshirikishwa katika mwili wake mwenyewe. Huyo akisema ameridhika, amekitenda kitenzi chake. Ambaye alitia dole gumba bila kusomewa, kisha akaulizwa hali kwa salamu tu, atasema "sana" kila mahali, nasi tutajumlisha "sana" zake na kupata asilimia nzuri ya kubandika ukutani.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa washairi, naacha ubeti mmoja kwa vijana wetu wanaosomea uuguzi:

Usiniulize hali, kwa salamu ya njiani,
Niulize kwa ukweli, nimelala saa gani,
Nitakwambia kamili, yaumayo maungoni,
Ndipo nitapokujibu, nimeridhika moyoni.