Wadogo si Watoto

Nyuma ya nyumba yetu pana mwembe uliokaliwa miaka mingi na chungu wekundu waitwao majimoto. Aliyepata kuumwa nao hana haja ya kuelezwa sababu ya jina hilo. Mwanetu mdogo aliumwa shingoni, nasi tukaazimia kuyachoma matagaa yenye viota vyao. Mwenge tukiwa nao mkononi, mtoto akachungulia kiota kimoja kilichopasuka, akauliza: "Baba, hawa wadogo ndio watoto wao?" Tukamjibu pasipo kufikiri kuwa ndio.

Jibu hilo lilitutia haya tulipokwenda kusoma. Chungu hukua angali funza tu. Akishakamilika miguu, haongezeki hata unywele mpaka afe. Na majimoto ukiwapima na kuwapanga kwa vimo, huwapati wakipanda kidogo kidogo kama watoto wa chuoni waliosimama safu. Utapata mafungu mawili, na wa katikati wachache mno. Jambo hili Mmarekani Edward O. Wilson alilieleza mwaka 1953. Wakubwa wana urefu wa milimita 8 hadi 10, wadogo yapata nusu yake. Na wote ni majike, mabinti wa malkia. Wakubwa huwinda, hulinda, na huvuta majani yakutane. Wadogo hukaa ndani wakilea mayai na funza.

Watoto wa kweli, basi, ni wale weupe wasio na miguu. Hata hao hawakuachwa bila kazi! Mkubwa humshika funza kinywani, akampitisha jani hili na jani lile kama fundi apitishavyo sindano, na uzi unaoshona nyumba hutoka kinywani mwa funza mwenyewe.

Wakwezi huwachukia majimoto, wala hatuwalaumu. Lakini M. J. Way, aliyewachunguza Unguja na kuchapisha habari zao mwaka 1954, alionyesha kuwa huilinda minazi na mdudu afyonzaye nazi zingali changa.

Mwenge tuliuzima, na kamba ya kuanikia nguo tukaihamisha mbali na mwembe. Kisha tukamwita mwanetu, tukakiri kuwa tulimjibu visivyo. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi aliyeniuma alikuwa mkubwa?" Tukamwambia bila shaka alikuwa mkubwa, kwani wadogo hutoka nje kwa nadra. Tuliona hilo limemliwaza kuliko dawa tuliyompaka.