Nyumba za Kampuni: Safari ya Kericho na Bomet



Wasomaji wapenzi, ukurasa huu ulikuwa mtupu wiki mbili zilizopita kwa sababu mwenye kuuandika alikuwa safarini, na safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Mkaza mwanangu, ambaye wengi wenu hapa mtaani mnamjua kwa mahamri yake ya Ramadhani, ni Mkipsigis wa bara. Mama yake mzazi amechuma chai Kericho kwa miaka 26, akiishi katika nyumba ya kampuni. Mwaka huu aliarifiwa kwa barua kwamba kazi yake imekwisha, na kwamba nyumba nayo inatakiwa. Tukaondoka watu watatu, mimi, mama watoto na binti yetu huyo, ili tukamsaidie kuhama. Na nia ya binti, aliyoificha moyoni mpaka tulipovuka Voi, ilikuwa ni kurudi naye Mombasa. Jina la kampuni nimeliacha, kwa kuwa shauri la kiinua mgongo chake bado liko mikononi mwa chama cha wafanyakazi.

Sisi watu wa Mombasa chai tunaijua kutokea mwisho wake. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi katika maghala ya Shimanzi, na akirudi nyumbani jioni kikoi chake kilinukia chai hata kabla hajaketi kuinywa. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa mjini kwetu mwaka 1969, na tangu mnada wa London ufungwe mwaka 1998, hapa ndipo penye soko kubwa la chai nyeusi duniani. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko huletwa hapa ikaonjwa, ikanadiwa na kupakiwa melini kwenda Pakistani, Misri na nchi nyingine. Familia ngapi za mitaa yetu zimelelewa kwa kazi za maghala hayo! Lakini mimi, katika umri wangu huu wa miaka hamsini na kitu, nilikuwa sijapata kuuona mti wa chai.

Basi lilitufikisha Nakuru alfajiri, tukasali katika kijimsikiti kilicho nyuma ya kituo cha mafuta, kisha tukaendelea hadi Mau Summit na kukata kushoto. Baada ya Londiani hewa ilibadilika. Mama watoto akajifunika shali juu ya buibui akasema amefika Ulaya. Kisha, kabla ya mji, chai ikaanza. Picha zake mmeziona kwenye kalenda na kwenye pakiti, nami nisingependa kuwachosha. Nitasema tu kwamba picha haionyeshi unyoofu wake: vilima vizima vimekatwa usawa mmoja kama nywele zilizotoka kwa kinyozi, bila kibanda, bila mgomba, bila mbuzi. Kwa saa nzima macho yangu yalitafuta mahali ambapo mtu amepanda kitu chake mwenyewe.

Mji wa Kericho ni mdogo kuliko jina lake. Kuna msikiti, ambao waumini wake walitupokea kwa ukarimu tusioweza kuulipa, na kuna hekalu kubwa la Masingasinga. Kuna hoteli ya chai iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wakubwa wake, ambayo siku zake njema zimekwisha. Na kuna mvua. Karibu kila alasiri hunyesha, mara nyingine mvua ya mawe. Mvua hiyo na vilima vile vya kimo cha kama mita 2,000 ndivyo vilivyowaleta Waingereza.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia ardhi hapa maafisa wa kijeshi waliolemaa vitani, wakalime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, wakashindwa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikapita kwa makampuni mawili ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Wenyewe waliokuwa wakilisha ng'ombe hapo walisukumwa pembeni. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 hadi Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa joto na mbung'o. Wazee wa ukoo huo bado wanadai haki. Mwaka 2022 madai ya watu wa Kericho na Bomet yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Sasa nieleze jambo lililonishughulisha kuliko yote. Reli ilipita mbali, kwenye stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Mji wa maana haukuwapo. Kwa hiyo makampuni yalijijengea kila kitu: barabara za ndani, mabomba ya maji, mitambo midogo ya umeme katika mito, misitu ya mikalitusi ya kuchoma katika matanuri ya kukaushia chai, zahanati, hospitali, shule, viwanja vya mpira, na vijiji vya wafanyakazi kwa safu na safu. Mkaza mwanangu amezaliwa katika hospitali ya kampuni, amesoma shule ya kampuni, na maji aliyooshwa nayo siku ya kuzaliwa yalikuwa ya bomba la kampuni. Alitwambia hayo njiani kwa fahari, na ana haki ya kuona fahari, kwa kuwa watoto wa vijiji vya nje wakati huo walikuwa wakichota maji mtoni.

Tuliikuta nyumba ya mama yake katika safu ya nyumba kumi na mbili zilizofanana. Chumba na jiko, ukuta mweupe, bati, bomba la pamoja uani. Mwenyewe ni mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, vidole vyake vimepasuka na kuingia weusi wa utomvu ambao hautoki. Alikuwa amemnunua kuku akiwa hai na kumfunga miguu mlangoni, akanikabidhi kisu mwenyewe, kwa kuwa binti yake alimwambia kwamba Waislamu hawali kuku wa kuchinjwa na yeyote. Yeye ni Mkristo. Mama watoto aliona tendo hilo akageuza uso ili machozi yasionekane.

Jioni tukapanga vitu. Miaka 26 iliingia katika magunia matano na godoro moja. Akamuuliza binti yake, kwa sauti ya kuona haya, "Tokeni za stima hununuliwaje?" Hakuwa amewahi kununua. Taa zilikuwa zikiwaka tu, kama vile maji yalivyokuwa yakitoka tu, na gharama ya vyote hivyo alikuwa akiilipa kwa vidole vyake pasipo kuiona kwenye karatasi. Usiku ule nilikaa macho nikiwaza kwamba kwa barua moja ya kurasa mbili, mwanamke huyu alipoteza mshahara, nyumba, maji, taa na daktari, kwa kuwa vyote vilikuwa vimefungwa katika fundo moja.

Kilichomwondoa ni mashine. Mchumaji wa mkono huchukua chipukizi na majani mawili, akitupa kapuni mgongoni, na hulipwa kwa kilo. Mashine, iwe ile ya kushikwa na watu wawili watatu au ile kubwa itembeayo yenyewe juu ya mistari, hufyeka kwa saa moja kazi ya wachumaji wengi kwa siku. Makampuni husema mishahara imepanda kuliko bei ya mnadani, na nisiwe mwongo, hesabu hiyo nayo ina ukweli wake. Bei ya chai imekuwa dhaifu kwa miaka mingi. Vijana wa Kericho nao walitoa jibu lao mwezi wa Mei 2023, walipoingia mashambani na kuteketeza mashine kwa moto, na mtu mmoja akafariki katika vurugu hizo. Sisifu kuchoma mali. Lakini nilipomwuliza mama yule, ambaye hata sisimizi hamkanyagi, alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Waliochoma ni watoto wetu."

Zaidi ya hayo mwenye fundo hubadilika. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever ikauza biashara yake ya chai kwa wawekezaji mwaka 2022. Mashamba ya James Finlay yakanunuliwa na Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba Browns hao hao wanayachukua pia yale yaliyokuwa ya Unilever. Mama mkwe wa mwanangu anawakumbuka mabwana kwa rangi za mabango ya getini.

Kuna neno jingine, nalo ni zito kuandikwa katika gazeti linalosomwa na mabinti, ila kulinyamazia ni dhambi. Mwezi wa Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya sabini wa mashamba haya walisema walivunjiwa heshima zao na wasimamizi. Watu wa pwani waliuliza, mbona hawakukataa? Nami niliuliza hivyo hivyo wakati ule, na ninaona haya kwamba niliuliza. Anayekupangia kazi ya kesho ndiye mwenye neno juu ya kitanda wanacholalia watoto wako usiku wa leo. Mkwe wetu hakunisimulia chochote juu ya hilo, nami sikumwuliza. Aliyaongea na mama watoto jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Nimewahi kufika Kilembe, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Huko ilikuwa shaba badala ya chai. Machimbo yalianza katika miaka ya 1950, reli ikaletwa hadi Kasese mwaka 1956, na bondeni pakajengwa nyumba na hospitali kama za Kericho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Niliwakuta wajukuu wa wachimbaji wakikaa katika nyumba zile zile, mabomba yenye kutu yakipita juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeweza kuniambia ni nani mwenye kuitengeneza paa ikivuja. Kericho haijafikia huko. Chai bado inachumwa, malori bado yanashuka Mombasa. Ila tulipopita nyuma ya kijiji kile niliona safu mbili za nyumba zisizo na watu, milango imepigwa misumari, na majani yameota hadi madirishani.

Siku ya tatu tukapakia magunia kwenye gari la kukodi tukashika njia ya Litein na Kapkatet kuelekea Bomet, kwa kuwa mama huyu, kumbe, alikuwa na siri yake. Kwa miaka kumi na tatu alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo katika chama cha ushirika, akanunua robo tatu ya eka upande wa Mogogosiek, akapanda chai nusu eka na kujenga chumba cha bati. Mpwa wake ndiye aliyekuwa akiichuma.

Nchi inabadilika ghafula ukitoka katika mashamba makubwa. Migomba, mahindi, ng'ombe aliyefungwa, chai yenye mistari iliyopinda, watoto njiani. Kabla ya miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai hapa. Leo wakulima wadogo ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya, na viwanda vyao, vinavyosimamiwa na KTDA, ni mali ya wakulima wenyewe kwa hisa. Nisiwapambie. Barabara ni tope jekundu, lori likikwama majani huungua kwa joto lake lenyewe, na bonasi ya mwisho wa mwaka upande huu ni ndogo kuliko ile wanayopata wakulima wa Murang'a na Kirinyaga, jambo linalowachukiza sana. Kilo nne hadi tano za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai kavu. Nusu eka haimtajirishi mtu.

Hapo uani ndipo binti alipoitoa nia yake. "Mama, twende Mombasa. Chumba kipo, na Baba ameridhia." Nikathibitisha kwamba nimeridhia.

Mama akafuta mikono kwa leso. "Miaka yote hii nimelala katika nyumba ya watu," akasema. "Hiyo yako pia ni nyumba ya watu."

Binti akalia. Mama watoto, ambaye naye alishakataa mara mbili kuhamia kwa binti yetu mkubwa Tanga, akamwambia amwache mama yake apumzike, kisha akamfundisha mwenyeji wetu jinsi ya kununua tokeni kwa simu. Ilichukua karibu saa nzima, na taa ilipowaka walicheka kama wasichana.

Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza kituo cha kununulia chai, kibanda cha mbao kando ya barabara. Alikuwa ameamka kabla ya adhana yangu na kuchuma peke yake. Mizani ikasoma kilo 9. Kijana wa kituo akabofya kitufe, ikatoka karatasi ndogo yenye jina lake na nambari yake ya mkulima. Aliisoma, akaisoma tena, akaikunja na kuifunga katika pindo la leso. Kisha akatuuliza kama basi letu linapitia Kaplong au tutarudi kwa njia ya Kericho.